Kuchimbua Historia ya Mtaa wa Lamu Ukianzia Rafu za Maktaba

Historia ya mji wa Lamu imetawanyika. Kuna iliyochongwa juu ya milango, kuna iliyo vinywani mwa wazee, kuna iliyoandikwa kwa khati za Kiarabu na kufungiwa sandukuni, na kuna iliyobebwa na wageni ikaenda kulala London, Hamburg, Nairobi na Unguja. Maktaba ndiyo mahali pa kuanzia kuikusanya, kwa sharti moja: usiingie na mji mzima kichwani. Anayemwambia mkutubi "nataka historia ya Lamu" hutoka na yale yale yaliyomo kwenye vipeperushi vya watalii. Anayeuliza kuhusu kisima kimoja cha Langoni hutoka na kitu cha kufuata.

Mwongozo huu unachukua maktaba iliyo ndani ya Ngome ya Lamu kuwa kituo cha kwanza, kisha unakutoa nje hatua kwa hatua. Ukiwa Malindi, Siyu au Faza, njia ni ile ile. Majina ya rafu na ya wazee ndiyo yatakayobadilika.

Hatua ya kwanza: chagua kitu unachoweza kukigusa

Msikiti mmoja. Wikio moja, yaani kile chumba kilichopita juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili. Kaburi, kisima, ukoo wa maseremala wa milango. Kipimo ni rahisi: kama huwezi kusimama mbele yake ukakionyesha kwa kidole, bado ni kikubwa mno.

Kabla hujafungua kitabu chochote, tumia ukurasa mmoja wa daftari kuandika mambo manne. La kwanza ni jina linalotumika leo. La pili ni jina au majina ya zamani uliyowahi kuyasikia. La tatu ni mahali: upande wa Mkomani kaskazini au Langoni kusini, karibu na njia ya Usita wa Mui au ya Usita wa Pwani, na jirani zake ni nini. La nne ni swali lenyewe kwa sentensi moja. Chora na kiramani, hata kama mkono wako ni mzito. Kiramani hicho kitakuokoa utakapokuta maandishi ya 1910 yanayotaja "nyumba iliyo nyuma ya gereza" bila jina la mtaa.

Kwa mfano wa kufuata humu ndani tuchukue ngome yenyewe na uwanja wa Mkunguni ulio mbele yake. Mengi juu yake yanajulikana: ilianza kujengwa mnamo 1813 na kumalizika 1821 kwa msaada wa Maoman, ikawa jela tangu 1910 hadi 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Swali dogo linalofaa ni hili: uwanja wa Mkunguni ulitumikaje wakati ngome ilipokuwa jela?

Vitu vya kubeba

Penseli mbili, si kalamu ya wino. Nyumba nyingi za nyaraka hukataza wino, na hata pale usipokatazwa, tone moja juu ya karatasi ya zamani halitoki. Daftari lenye kurasa zilizoshonwa, kwa sababu karatasi moja moja hupeperushwa na upepo wa kusi. Rula ya sentimita 15 ya kuweka pembeni unapopiga picha, ili ukubwa wa maandishi ujulikane baadaye. Simu yenye nafasi ya kutosha, na chaja. Kitambaa kidogo cha pamba cha kufutia jasho la mikono. Hilo la jasho si mzaha katika joto la Lamu. Karatasi iliyokwisha kunyonya unyevu wa bahari hupokea alama ya kidole mara moja.

Hatua ya pili: maktabani

Nenda asubuhi. Ijumaa mchana usijisumbue, na mwezi wa Ramadhani uliza saa za kufungua siku moja kabla. Ukifika, toa salamu kamili kwanza, kisha mweleze mkutubi swali lako kama ulivyoliandika. Halafu uliza jambo ambalo wengi hulisahau: "Kuna vitabu au majalada ambayo hayapo rafuni, ya kusomea humu humu tu?" Maktaba nyingi za pwani huweka vitu adimu kwenye kabati la kufuli, na havionekani kwa mtu anayezungukazunguka rafu.

Vitabu vikiwa vimepangwa kwa namba za Dewey, yaani mfumo wa kuvipanga kwa mada, historia ya Kenya iko 967.62. Wengi hukomea hapo, na ndipo wanapopotea. Jiografia na masimulizi ya wasafiri yako 916.762. Uislamu uko 297, na huko ndiko utakakokuta habari za misikiti, masharifu na maulidi. Mila na desturi ziko 390, ujenzi 720 na nyumba za kukaa 728, lugha ya Kiswahili 496.392, na ushairi wa Kiswahili 896.392. Tendi na mashairi ya kale ni hazina ya historia ya mji huu, lakini yamekaa rafu ya fasihi, mbali na rafu ya historia. Mtu wa historia hapiti huko, na mtu wa fasihi hatafuti majina ya mitaa.

Kwa Lamu kuna vitabu vichache vya kuulizia kwa majina. Usam Ghaidan aliandika juu ya mji na nyumba zake katika miaka ya 1970. Siravo na Pulver walitoa mwaka 1986 kitabu cha mpango wa kuhifadhi mji, na ramani zake zinafaa hata kwa asiyesoma Kiingereza vizuri. Marguerite Ylvisaker alichapisha mwaka 1979 utafiti wa ardhi, biashara na siasa za Lamu katika karne ya 19. Abdul Hamid el-Zein aliandika juu ya dini na matabaka ya mji, 1974. Patricia Romero alitoa historia ndefu ya mji na koo zake mwaka 1997. Vitabu hivi havikubaliani, na hilo ni jema kwako.

Kitabu cha utafiti kifungue kwa nyuma. Anza na faharasa: tafuta jina la kitu chako, kisha jina la mtaa, kisha jina la ukoo unaohusika. Ukipata ukurasa, soma aya nzima pamoja na tanbihi yake. Tanbihi ndiyo unayoitaka hasa, kwa sababu inakuambia mwandishi alilipata wapi neno lake: kwa mzee aliyemhoji, kwenye jalada la serikali, au kwenye kitabu kingine. Nakili tanbihi neno kwa neno pamoja na namba zake zote. Anayenakili habari na kuacha tanbihi hulazimika kurudi maktabani, na pengine siku hiyo kitabu kimeazimwa.

Hatua ya tatu: tafuta kwa jina alilolijua mwandishi, si unalolijua wewe

Hapa ndipo utafiti mwingi unapokufa. Mji wenyewe umeandikwa Lamu, Amu, Lamo na Lamoo. Pate imekuwa Patta na Patte. Shela huandikwa Shella, Siyu huandikwa Siu, Witu huandikwa Vitu. Wabajuni wametajwa pia kwa majina ya Watikuu na Wagunya. Mwanzoni mwa utawala wa Waingereza, Lamu ilikuwa katika mkoa ulioitwa Tanaland. Anayetafuta majalada ya miaka hiyo chini ya "Coast" peke yake hukosa mengi.

Rudi kwenye mfano wetu. Ukiandika "Lamu Fort" kwenye katalogi, utapata habari za 1821 na habari za makumbusho, na katikati patupu. Sababu ni kwamba tangu 1910 hadi 1984 makarani kwa kawaida hawakuiita ngome. Kwao lilikuwa gereza, na Waingereza wa zamani waliandika "gaol", tahajia ambayo hata wanaojua Kiingereza leo hawaikumbuki. Tafuta kwa neno hilo, kisha kwa "prison", na miaka sabini iliyokosekana itaanza kujaa.

Majina ya watu yana mtego wake. Ali bin Mohamed wa Lamu ni wengi kama mchanga wa Shela. Usimfuate mtu kwa jina lake na la babake tu. Tafuta nisba, yaani jina la ukoo, na uijaribu kwa tahajia zote: Maawi, Maawy na al-Maawiy ni watu wale wale. Kwa wanawake angalia "binti", "bint" na kifupisho "bt.", na ukumbuke kwamba Mwana, lililotangulia majina mengi ya kike, ni heshima. Karani mgeni angeweza kuligeuza kuwa jina lenyewe.

Tengeneza orodha ya tahajia kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari na uiongeze kila unapokutana na mpya. Baada ya wiki mbili orodha hiyo itakuwa na thamani kuliko vitabu vyenyewe.

Hatua ya nne: zigeuze tarehe, na zisikutishe zikigongana

Maandishi ya wenyewe hutumia mwaka wa Hijria. Mwaka huo una siku 354 au 355, kwa hiyo huwezi kuongeza 622 ukamaliza. Kanuni ya haraka: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Chukua Utendi wa Tambuka, ambao huitwa pia Chuo cha Herekali, wenye tarehe ya 1141. Mara 0.97 ni 1106.77, ongeza 622, unapata 1728.77, yaani 1728. Ukiongeza 622 tu bila kuzidisha utapata 1763, na utakuwa umeusogeza utendi miaka 35 mbele. Kanuni hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijria mara nyingi huanza katikati ya mwaka wa Kizungu. Kama mwezi umetajwa, tumia programu ya kugeuza tarehe upate siku yenyewe. Kwenye daftari andika zote mbili kwa mkwaju, 1141/1728, na kamwe usifute ile ya asili.

Vita vya Shela ndiyo shule nzuri ya jambo hili. Watu wa Pate pamoja na Mazrui wa Mombasa walitua Shela kuivamia Lamu, wakashindwa, na inasimuliwa kwamba maji yalikuwa yametoka, vyombo vyao vikakwama mchangani. Baada ya hapo Lamu ikaomba ulinzi wa Oman, na ngome ikajengwa. Vitabu vya zamani vinaviweka vita hivyo mnamo 1807, vya karibuni mnamo 1812 au 1813. Usichague kwa wingi wa kura. Fuata kila tarehe hadi ilikotoka, kisha andika: "fulani anasema 1807 kwa kutegemea hiki, fulani anasema 1813 kwa kutegemea kile". Mwenye kusoma kazi yako atakushukuru zaidi kuliko kama ungemchagulia mwaka mmoja kwa ujasiri.

Hatua ya tano: tawarikh za mji na za jirani

Lamu ina tawarikh yake, yaani kitabu cha kale cha habari za mji, iliyoandikwa na Shaibu Faraji bin Hamed al-Bakariy na kuchapishwa na William Hichens mwaka 1938 katika jarida la Bantu Studies. Pate ina yake, iliyochapishwa na Stigand mwaka 1913, tena na Alice Werner mwaka uliofuata, na baadaye na Marina Tolmacheva mwaka 1993 akilinganisha nakala mbalimbali.

Soma za pande zote mbili juu ya tukio moja. Ya Lamu imeandikwa na mtu wa Lamu, na ya Pate inawasifu Nabhani, ukoo uliotawala huko. Hilo si kosa, ilikuwa ndiyo kazi ya tawarikh. Kinachotakiwa ni kujua nani anazungumza. Tena kuna jambo la kuangalia sana kwenye ya Pate. Inasimuliwa kwamba kitabu cha asili kilipotea Waingereza walipoushambulia Witu mwaka 1890, na nakala tulizo nazo zinarudi kwa mzee mmoja, Muhammad bin Fumo Omar al-Nabhani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Basi ukikuta matoleo matatu yanakubaliana, huna mashahidi watatu. Una mmoja aliyeandikwa mara tatu. Tawarikh hiyo inaanza utawala wa Nabhani mwaka 600 Hijria, yaani 1203 au 1204, na wanaakiolojia wameupinga mwanzo huo kwa kuangalia magofu na vigae vya Pate yenyewe.

Hatua ya sita: khati za Kiarabu

Usikate tamaa kwa kuwa husomi khati. Lakini ujue mambo mawili kabla ya kumwomba mtu akusomee, maana asiyejua Kiamu cha zamani, yaani lahaja ya Lamu, anaweza kukusomea vibaya kwa nia njema.

La kwanza: herufi za Kiarabu hazitoshi sauti zetu. Mwandishi wa zamani alitumia herufi moja ya be kwa b, kwa p na kwa mb. Herufi ya ghain ilibeba gh, g na ng. Alama ya dhuma ilisimama kwa u na o, na kisra kwa i na e. Kwa hiyo mtu na mto vingeweza kuandikwa sawasawa, na msomaji akachagua kwa maana ya sentensi. Ukipewa usomaji, omba pia herufi zenyewe zinakiliwe pembeni, ili mwingine aweze kuchagua tofauti.

La pili: lugha ni Kiamu. Mui ni mji, ndia ni njia, mato ni macho, iwe ni jiwe, nti ni nchi, yuu ni juu, tini ni chini. Na chuo ni kitabu, wingi wake zuo. Anayesoma "chuo" akaelewa shule atajenga madrasa ambayo haikuwahi kuwapo.

Kwenye mswada nenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Hapo mnakili huandika jina lake, siku na mwezi, na pengine jina la aliyemwandikia. Kisha angalia ukurasa wa kwanza na pembezoni, ambako wenye kitabu waliandika majina yao, vizazi, madeni, na wakfu kama kitabu kiliwekwa wakfu kwa msikiti. Mistari hiyo midogo ya pembezoni ina historia ya mtaa kuliko matini yenyewe, ambayo mara nyingi ni ya fikihi na hupatikana kote katika Bahari ya Hindi.

Ukiruhusiwa kushika mswada: mikono misafi mikavu, bila glavu, kwa sababu glavu hukunyima kuhisi karatasi inapotaka kuchanika. Usilambe kidole kufungua ukurasa. Usikilaze kitabu wazi kabisa, kiwekee vitambaa viwili vilivyokunjwa, kimoja kila upande, kibaki kama pembe ya mlango uliofunguliwa nusu. Piga picha kwa mwanga wa dirisha unaoingia ubavuni, taa ya simu ikiwa imezimwa.

Hatua ya saba: yaliyohama, na jinsi ya kuyasoma bila kupanda ndege

Miswada ya msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh, imepigwa picha chini ya mradi wa nyaraka zilizo hatarini wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza. Namba ya mradi ni EAP466. Iandike hivyo kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya mradi huo na picha zitafunguka bila malipo. Chuo cha SOAS cha London kina makusanyo makubwa ya miswada ya Kiswahili, ukiwemo mkusanyo wa Hichens. Humo mna kazi nyingi za Muhamadi Kijuma, mshairi, mnakili na mchonga milango wa Lamu aliyewanakilia Wazungu tendi za zamani. Hamburg nako kuna miswada. Nakala nyingine ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Vitabu vilivyokwisha muda wa haki miliki, kama cha Stigand cha 1913, na safari za karne ya 19 kama za nahodha Mfaransa Charles Guillain zilizotoka 1856, vinasomeka kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Unapotafuta neno ndani ya kitabu cha picha, kumbuka kwamba kompyuta ndiyo iliyogeuza picha kuwa herufi, na hukosea. Neno Lamu huweza kugeuka "Larnu", kwa sababu m imeonekana kama r na n. Jaribu tahajia hiyo ya kichekesho pia. Kama bando lako ni dogo, pakua faili la maandishi matupu kwanza, tafuta ukurasa, kisha fungua picha ya ukurasa huo peke yake.

Nyaraka za serikali ziko kwenye Nyaraka za Taifa, barabara ya Moi mjini Nairobi. Majalada ya wilaya ya Lamu yanaanza na herufi DC/LAM. Humo mna ripoti za mwaka, ripoti za kukabidhiana ofisi kati ya mkuu wa wilaya mmoja na mwingine, na daftari la mambo ya kisiasa. Kwa kawaida majalada hufunguliwa baada ya miaka 30. Ripoti za kukabidhiana ndizo za kuanza nazo: anayeondoka anamwambia anayekuja mambo ambayo asingeyaandika kwa mkubwa wake, kama vile nani mgomvi, ukuta gani wa gereza unavuja, soko linasumbuliwa na nini. Lakini karani alihesabu kilichotozwa ushuru na kilichofika mahakamani. Harusi, ngoma na maulidi vilitajwa vilipoomba kibali au vilipozua fujo, kwa hiyo usidhani mji ulikuwa ni kesi tupu.

Kwa nyumba na viwanja, tafuta Gazeti Rasmi la serikali kuanzia 1908, mwaka wa sheria ya hati za ardhi za pwani. Wadai walitangazwa humo kwa majina na mahali. Matoleo mengi ya zamani yanasomeka mtandaoni. Na kwa kuwa ukanda wa pwani ulihesabika mali ya Sultani wa Zanzibar hadi 1963, barua za maliwali na za mabalozi zimo pia kwenye Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Kabla ya safari yoyote, andika barua ukitaja namba za majalada ulizozitoa kwenye tanbihi. Barua inayosema "nitumieni chochote juu ya Lamu" haijibiwi, na haki yake.

Hatua ya nane: rudi mtaani na karatasi mkononi

Sasa chukua ulichokipata uende nacho barazani. Piga hodi, toa salamu, kaa, na usitoe simu kabla ya kuomba. Mzee msemeshe kwa cheo chake, awe mwalimu, sharifu au bwana, na mama mtu mzima kwa Bi na jina lake. Usianze na swali la mwaka. Anza na ramani au picha ya zamani iliyochapishwa kwa ukubwa wa karatasi nzima, uiweke mapajani mwake:

"Bi, hapa pameandikwa soko. Lilikuwa upande huu wa mti wa mkungu au ule?"

"Mkungu upi? Huu ulipandwa mimi nikiwa mtu mzima. Ule wa zamani ulikuwa kule, karibu na lango."

Jibu kama hilo, ambalo linalirekebisha swali lako, lina thamani kuliko "ndiyo". Liandike kama lilivyo, pamoja na tarehe ya mazungumzo na umri wa msemaji. Jina lake liandike kama ameruhusu tu. Miaka ipate kwa kufunga na tukio: kabla au baada ya uhuru, kabla au baada ya wafungwa kuhamishwa, alipokuwa hajaolewa.

Ikiwa unafuatilia nyumba, pima kwa utepe. Dari za zamani zilibebwa na boriti za mikoko chini ya mawe na chokaa, na boriti haistahimili uzito huo ikiwa ndefu mno. Ndiyo maana msana (ukumbi wa mbele) na ndani (chumba cha nyuma yake) huwa vyumba virefu vyembamba, upana wa mita 3 hivi au pungufu. Ukikuta chumba kipana zaidi, shuku kwamba dari limebadilishwa, na uulize lini. Hesabu zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, andika ziko ukuta gani, na uangalie kama daka (baraza ya mlangoni) na tekani (ukumbi wa kuingilia) bado vipo au vimegeuzwa duka. Kisha linganisha na ramani za Siravo na Pulver uone kilichobadilika tangu 1986.

Hatua ya mwisho: kuweka

Kila picha ipe jina siku ile ile, kwa mpangilio mmoja: ilikotoka, namba ya kitabu au jalada, ukurasa. Mfano: ngome_967.62_uk114. Picha zenye majina ya simu, baada ya mwezi hata mwenyewe huzijui. Weka nakala mbili, moja kwenye flashi na moja mtandaoni, maana chumvi ya Lamu haina huruma na vyuma vya simu.

Ukikabidhiwa karatasi za familia, usizipige laminesheni na usizibandike kwa gundi ya utepe. Laminesheni hufungia unyevu ndani na haitoki tena bila kuchana, na gundi huacha doa la kahawia. Zilaze bapa kwenye boksi, katikati ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila bluu. Boksi likae juu ya rafu, si sakafuni kwenye mchwa, na pawe na nafasi ya upana wa kiganja kati yake na ukuta, kwa sababu ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji na kuyatoa polepole. Lifungue kila baada ya wiki mbili likapigwe na hewa wakati wa kaskazi.

Chapisha kazi yako nakala tatu: moja kwa mwenye nyumba au msikiti, moja kwa wazee waliokusaidia, moja kwa maktaba. Ya maktaba iandikwe ukurasa wa mbele mahali, miaka inayohusika, tahajia zote za majina, na tarehe ulipoimaliza, ili mkutubi ajue aiweke wapi. Mwombe aipe namba ya 967.62 na kuiingiza kwenye katalogi mbele yako. Isiyo na namba itaishia chini ya meza.